Uso wa Kutia Chumvi: Mwongozo Kamili wa Mekapu ya Wahusika na Dragi Nyumbani

Mara ya kwanza kujaribu mekapu ya dragi nilikaa saa tatu mbele ya kioo, pua karibu iguse glasi, nikisugua na kulainisha kila mstari hadi ukafifia. Nilipomaliza niliona nimefanya kazi safi kabisa. Kisha nikaweka simu upande wa pili wa chumba, nikajipiga picha. Uso ulikuwa ule ule wa asubuhi, ila umechoka.

Mkono haukuwa na kosa, wala vipodozi. Nilikuwa najipodoa kama mtu anayekwenda kazini. Dragi ni sanaa ya jukwaani: msanii huigiza mwanamke, mwanamume au kiumbe kisicho na jina kwa kutia chumvi kila kitu, na uso wake lazima usomwe na aliyekaa kiti cha nyuma kabisa. Mistari ambayo kwa karibu ni mikali, hata michafu, kwa mbali huungana ikawa shavu, jicho, taya. Kwa hiyo kila unapomaliza sehemu moja, inuka kitini, rudi nyuma hatua tatu, ndipo utazame. Nitalirudia hili hadi ulichoke.

Anza na mtu, rangi baadaye

Usifungue hata kopo moja kabla hujajua unamchora nani. Mimi huandika maneno matatu ya mhusika kwenye karatasi. Tuseme: mjane, tajiri, mwongo. Mjane anataka macho yaliyoinama pembeni. Tajiri anataka nyusi zilizopanda juu, kana kwamba anakutazama kutoka ghorofani. Mwongo anataka mdomo usiolingana, kona moja imepanda kidogo kuliko nyingine. Hujagusa brashi bado na tayari uso una ramani.

Kisha jipige picha ya mbele ukiwa umefunga nywele, bila tabasamu. Ichapishe kwa rangi hafifu nakala nne au tano, uchore juu yake kwa penseli za rangi. Kukosea kwenye karatasi hakuumizi ngozi.

Rangi chagua moja itakayotawala, nyingine ziwe wasaidizi wake. Michezo ya zamani ya jukwaani inalijua hili vizuri. Katika opera ya Beijing uso mwekundu wa Guan Yu humwambia mtazamaji kuwa huyu ni mwaminifu, na uso mweupe wa Cao Cao kuwa huyu ni mtu wa hila. Katika kathakali ya kusini mwa India, uso wa kijani ni wa shujaa mwema. Kabla mhusika hajafungua mdomo, mtazamaji ameshajua yuko upande gani. Anayeanza hupenda kumwaga upinde wote wa mvua usoni, na matokeo yake ni uso unaopiga kelele bila kusema neno.

Meza na mwanga

Taa ya darini peke yake ni adui. Hutupa kivuli chini ya nyusi na chini ya pua, nawe unaanza kupigana na vivuli visivyokuwepo. Weka taa mbili, moja kila upande wa kioo, usawa wa uso, zenye mwanga mweupe kama wa mchana. Mwanga wa manjano hukudanganya: utaongeza rangi ya chungwa bila kujua, na nje utaonekana umeiva.

Rangi za uso zipo za aina tatu, na ni vizuri kuzitofautisha kabla hujatoa pesa. Rangi ya maji huamshwa kwa sponji yenye unyevu, hukauka haraka, na inafaa mistari mikali na mapande makubwa ya rangi. Lakini jasho huiyeyusha, na pembeni mwa mdomo hupasuka ukicheka. Rangi ya mafuta hulainika vizuri na kuchanganyika, ila haikauki kabisa, hivyo lazima ifungwe kwa poda. Rangi ya spiriti hudumu siku nzima lakini huhitaji spiriti kuipaka na kuivua, na haifai karibu na macho. Kwa dragi anza na ya mafuta. Paleti ndogo yenye nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na buluu itakuchanganyia karibu kila rangi unayoitaka.

Mengine ni ya kawaida: fondesheni ya rangi yako, nyingine iliyokuzidi weusi kwa vivuli viwili au vitatu na nyingine iliyokuzidi weupe kwa kiasi hicho hicho, poda ya unga, wanja wa maji, kope za bandia pamoja na gundi yake, sponji mbili, brashi bapa yenye ncha kali, brashi laini ya kusambazia, na gundi ya shule ya kijiti. Hiyo ya mwisho siyo mzaha, tutaifikia.

Kabla hujapaka chochote

Mwaka 1873 mwimbaji wa opera Mjerumani, Ludwig Leichner, alianzisha kampuni ya rangi za jukwaani zisizo na madini ya risasi, kwa sababu weupe uliotumiwa na waigizaji ulikuwa na risasi na uliwadhuru. Siku hizi hatari ni nyingine, na nyingi tunajiletea wenyewe kwa kutumia vitu visivyotengenezwa kwa ngozi. Rangi ya akriliki ya kuchorea picha isiguse uso, hata kama chupa imeandikwa kuwa haina sumu. Maandishi hayo hayasemi kuwa ni salama kukaa saa sita kwenye ngozi. Glita ya kazi za mikono ina kingo kali na inaweza kukwaruza mboni, kwa hiyo karibu na macho tumia ile tu iliyotengenezwa kwa vipodozi. Rangi zinazong'aa chini ya taa ya zambarau nyingi hazikuruhusiwa kutumika kwenye macho, soma kifurushi. Lenzi za rangi za kubadilisha macho zipimwe na mtaalamu wa macho, usiagize kama unavyoagiza wigi.

Kila kitu kipya kijaribu nyuma ya sikio au ndani ya kiwiko, ukiache siku moja hadi mbili. Gundi nyingi za kope na mpira wa maji zina lateksi, yaani utomvu wa mti wa mpira, na wapo watu wengi ambao lateksi huwavimbisha. Ni bora kiwiko kiwashe Jumatano kuliko kope zifunge Jumamosi.

Nyusi: hapa ndipo uso unapokwenda au unapobaki

Nikitakiwa kumfundisha mtu jambo moja tu, nitamfundisha kufuta nyusi. Nyusi zako zikiwa pale pale, wewe upo pale pale, hata ukijipaka kijani. Zikitoweka, paji la uso hugeuka ukuta mtupu wa kuchora mtu mwingine. Waigizaji wa kabuki wa Japani hupaka nta iitwayo bintsuke kabla ya weupe wao, nayo hulaza nyusi. Divine, msanii wa dragi wa Marekani, alikwenda mbali zaidi: mpodoaji wake, Van Smith, alimnyoa nywele za mbele hadi katikati ya kichwa ili apate uwanja wa kuchorea macho. Wewe huna haja ya wembe. Gundi ya kijiti, ile ya wanafunzi inayotoka kwa maji, inatosha.

1. Osha nyusi kwa sabuni, zikauke. Mafuta yakiwepo, gundi haitashika.

2. Sugua gundi kinyume na nywele zinavyoota, ili ifike hadi chini yake. Kisha ipitishe tena ukifuata nywele.

3. Chana nyusi kwenda juu kwa brashi ya maskara iliyo safi, nywele zisambae kama kipepeo badala ya kulundikana. Zikandamize kwa bapa la kisu cha plastiki kilicholowa maji kidogo.

4. Subiri ikauke. Tumia feni, au drayeri kwa upepo wa baridi. Kisha paka tabaka la pili, na la tatu. Nyusi nene huenda zikataka tano.

5. Gundi ikishakauka kabisa, gandamiza poda, halafu fondesheni nzito, halafu poda tena. Gandamiza, usisugue. Ukisugua mara moja tu, nywele huinuka.

Hatua ya nne ndiyo inayowashinda watu, nami nilikuwa miongoni mwao. Siku moja, kwa kuchelewa sherehe ya rafiki, nilipaka poda gundi ikiwa bado inanata. Nyumbani ilionekana sawa. Ukumbini, baada ya nyimbo tatu, nyusi ya kushoto ilianza kupasuka katikati na nywele zikachungulia, zimejaa unga kama panya aliyetoka kwenye gunia. Nilikuwa na nyusi mbili juu ya jicho moja usiku kucha. Sasa hupaka gundi kwanza, kisha ndiyo nakunywa chai na kutafuta nguo.

Ndevu na ngozi

Kama una ndevu, nyoa karibu kabisa, uipe ngozi muda itulie. Hata baada ya kunyoa hubaki kivuli cha kibuluu au kijivu, na fondesheni ikipakwa moja kwa moja juu yake hugeuka majivu. Dawa yake ni rangi ya chungwa, ambayo hukaa mkabala na buluu kwenye gurudumu la rangi, hivyo moja huimeza nyingine. Ngozi nyeupe inataka chungwa hafifu lenye upinki, ya maji ya kunde chungwa lenyewe, na nyeusi chungwa lililokolea kuelekea wekundu wa tofali. Igongegonge kwa kidole mahali penye kivuli tu, funga kwa poda, kisha fondesheni juu yake kwa kugonga na sponji. Kwa dakika chache utafanana na mtu aliyekula embe bila kunawa. Vumilia.

Kivuli na nuru

Chochote kilichopakwa rangi nyepesi husogea mbele, chochote cheusi hurudi nyuma. Kazi iliyobaki ni kuamua mfupa upi uje na upi uende.

Paka nyepesi katikati ya paji la uso, chini ya macho kwa umbo la pembetatu, juu ya mwanzi wa pua, juu ya mdomo na kwenye kidevu. Paka nyeusi kwenye mapanja, pembeni mwa pua kwa mistari miwili iliyonyooka, chini ya taya, na chini ya kituguta. Mstari huo wa kituguta, yaani mfupa wa shavu, wengi huuweka chini mno. Kwa uso wa kike wa dragi upandishe juu kidogo ya bonde lenyewe la shavu, uanzie sikioni na usimame ukiwa umefika chini ya pembe ya nje ya jicho. Ukiuvusha kuja mdomoni, uso hukonda kama wa mgonjwa.

Sasa rudi nyuma hatua tatu. Ukiona inatisha kidogo, uko sahihi. Ukiona inapendeza, ongeza.

Sambaza kingo kwa sponji yenye unyevu, lakini kila rangi ibaki kwao: nyepesi na sponji yake, nyeusi na yake. Kisha gandamiza poda ya unga kwa wingi juu ya sehemu zote nyepesi, iache dakika tano hadi kumi ili joto la ngozi liishikishe, ndipo uipanguse. Mwenye ngozi nyeusi aepuke poda nyeupe; ya njano au ya chungwa itamtoa aking'aa, nyeupe itamtoa kama aliyetoka kupaka chokaa ukutani. Tena poda nyingine zisizo na rangi hurudisha mwanga wa flashi, kwenye picha ukawa na miwani miwili meupe, hivyo jipige picha moja yenye flashi kabla hujaendelea.

Anayetaka uso wa kiume, na dragi ya kiume ni sanaa kamili ambayo miongozo mingi huisahau, ageuze mpangilio. Kivuli cha shavu kishuke wima, taya lipewe kona kwa mstari mweusi na nuru juu yake, nyusi zinenepeshwe na kushushwa karibu na macho. Ndevu za siku mbili hupatikana kwa sponji ngumu yenye matundu: ichovye kidogo kwenye rangi ya kahawia na nyeusi, igonge kwanza nyuma ya mkono hadi ibaki kidogo, ndipo uiguse kwenye taya. Ukianza moja kwa moja usoni utapata mabaka.

Jicho

Hapa usiwe na haraka. Tazama mbele kwenye kioo, macho wazi kabisa, misuli ya uso imetulia. Juu ya mkunjo wako wa asili, kama sentimita moja, weka nukta tatu: ndani, katikati, nje. Ziunganishe kwa penseli ya kahawia. Huo ndio mkunjo mpya, na jicho lako limeshakuwa kubwa mara mbili.

Sambaza kivuli cha kahawia kuanzia kwenye mstari kwenda juu tu. Upande wa chini ubaki mkali kama ukingo wa karatasi. Nimeona watu wakifanya kila kitu sawa kisha wakashusha brashi mara moja kwenda chini, na jicho zima likawa moshi. Ikikutokea, chukua konsila (krimu nzito ya kuficha madoa) na brashi bapa, uchonge ukingo upya. Chini ya mstari jaza nyeupe au rangi yoyote nyepesi ya mafuta, kisha gandamiza poda ya rangi hiyo hiyo juu yake. Glita, kama unaitaka, ikae hapa, juu ya gundi yake maalumu.

Chora nyusi mpya juu ya eneo ulilolifuta. Zianze nyembamba, zipande, zivunjike juu ya theluthi ya nje ya jicho. Chora kwanza upande mmoja kwa nukta, kisha pima wa pili kwa penseli iliyolazwa mlalo. Na fanya kila hatua kwa macho yote mawili kabla ya kwenda nyingine, ukianza na jicho linalokusumbua. Kulifananisha jicho jepesi na lile gumu ni rahisi. Kinyume chake ni kilio. Ukishuku kuwa hayalingani, piga picha na uigeuze juu chini kwenye simu. Upande uliopotoka utauona mara moja.

Kwa chini, wanja usifuate kope zako za asili. Ushushe milimita tatu hadi tano, na ile nafasi iliyobaki ijaze nyeupe, pamoja na ukingo wa ndani wa kope. Kwa mbali nyeupe hiyo husomeka kama sehemu ya weupe wa jicho. Kwa karibu, nakiri, unafanana na kikaragosi.

Kope za bandia zipime kwenye jicho kwanza, uzikate upande wa nje kama zimezidi. Paka gundi, subiri nusu dakika hadi dakika moja inate, angalia chini kwenye kioo kilicholazwa mezani, bandika katikati kwanza, kisha pembe. Jozi mbili zilizopandana huonekana mbali kuliko moja. Za chini zikae juu ya ule mstari ulioushusha.

Midomo haina mambo mengi. Funika ya asili kwa fondesheni, chora mpaka mpya nje yake, na pembeni kabisa rudi ndani. Ukitanua hadi kwenye kona, chakula cha kwanza kitauondoa. Weka nukta nyepesi katikati ya mdomo wa chini.

Ukitaka kiumbe badala ya malkia

Fuvu ni zoezi zuri kuliko yote kwa sababu ramani unayo chini ya ngozi. Papasa kwa vidole tundu la jicho, kituguta, bonde la panja, na upake nyeusi pale kidole kinapozama. Uzee nao usichore mikunjo ya kubuni: kunja uso, ona inapojitokeza yenyewe, kisha kila mkunjo upe mstari wa kahawia uliosambazwa upande mmoja, na ubavuni mwake mstari mwembamba wa nuru. Mkunjo usio na nuru husomeka kama uchafu.

Kwa makovu na vidonda, changanya unga wa jelatini, gliserini na maji kwa vipimo sawa, acha jelatini ivimbe, kisha weka bakuli juu ya maji ya moto hadi mchanganyiko uyeyuke. Ujaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono. Uwe vuguvugu, kamwe usiwe wa moto. Jelatini hung'ang'ania ngozi na huchoma. Tandaza kwa kijiti, chonga umbo kabla haijaganda, lainisha kingo kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kisha poda na rangi. Haipendi jasho, kwa hiyo mhusika wa jelatini asiwe mchezaji ngoma.

Kufunga na kuvua

Nyunyizia dawa ya kufungia mekapu ukiwa umeishika umbali wa sentimita ishirini hadi thelathini, macho na mdomo vimefungwa, na usiguse hadi ikauke. Kabla ya kuondoka, au kabla ya kulala kama ulikuwa unajaribu tu, piga picha tatu: karibu, hatua tatu nyuma, na pembeni. Nyuma ya karatasi yako ya penseli andika rangi ulizotumia na muda uliochukua. Uso huo huo urudie mara nne au tano kabla ya kuhamia mwingine; mkono hujifunza kwa kurudia, na wa pili hukuchukua nusu ya muda.

Kuvua kuna mpangilio. Kope kwanza: zilowanishe kwa mafuta ya kusafishia mekapu, subiri, zitateleza. Kisha mafuta hayo hayo uso mzima, kwa vidole vikavu, hadi rangi zote ziwe tope moja la kahawia. Nyusi ziwekee kitambaa cha maji ya uvuguvugu dakika mbili au tatu. Gundi hugeuka utelezi, ichane taratibu kwa brashi. Ukiivuta ikiwa kavu, itaondoka na nywele. Malizia kwa sabuni laini ya uso, paka losheni, osha brashi na sponji usiku huo huo.

Glita itabaki. Kitambaa huisambaza tu, kwa hiyo tumia utepe wa gundi wa karatasi, gusa na kubandua, kuanzia paji la uso kwenda chini. Karibu na macho usitumie utepe. Hapo pitisha pamba yenye mafuta, taratibu, kuelekea puani.